UZI: Tangi la maji ya bahari nyumbani hapa Mombasa: maji, joto, mawe na samaki

Baharia_Kisauni

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Swali la kufuga samaki wa bahari sebuleni huulizwa kila mara, na jibu linalotolewa haraka ni lile lile: "Wewe uko Mombasa, chukua ndoo ushuke pwani." Jibu hilo limemaliza samaki wengi mjini humu. Nafungua uzi huu nieleze nifanyavyo na sababu zake. Wenye kujua zaidi waongeze, na mwenye swali aulize bila haya.

Nianze na tangi lenyewe, kwa ufupi. Langu ni sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Likijaa ni lita 243. Ukishatia mawe na mchanga, maji yanayobaki ni kama lita 200. Kwa anayeanza sishauri kushuka sana chini ya hapo. Watu hudhani tangi dogo ndilo rahisi, kumbe maji machache huchafuka upesi, hupata joto upesi na chumvi yake hupanda upesi, nawe hupati muda wa kurekebisha.

Uzito usiuchezee. Maji ya tangi hili yakijaa ni kilo 250 hivi, na ukijumlisha kioo, mawe na meza unapita 300 bila shida. Liweke sakafu ya chini, au kama wakaa ghorofani, kando ya ukuta mnene unaobeba nyumba. Kioo cha kimo hicho kisipungue milimita 10. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu; ya vyooni na jikoni ina sumu inayoingia majini. Meza ya mbao ngumu ndiyo bora, mvule ukiupata. Chuma hapa kwetu huliwa na kutu hata bila tangi juu yake, sembuse kikidondokewa na maji ya chumvi kila siku.

Na usiliweke dirishani. Jua la Mombasa litayapasha maji na kuotesha mwani kila pembe.

Vifaa vya lazima: pampu mbili za kusukuma maji, kwa sababu samaki wa mwambani wamezoea mkondo (zote pamoja zizungushe ujazo wa tangi mara kumi au zaidi kwa saa); skima, inayotoa uchafu kwa njia ya povu kabla haujaoza; refraktomita ya kupimia chumvi; kipimajoto; na vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha uchachu wa maji). Taa ya LED ya kawaida yatosha kwa tangi la samaki peke yao. Kipasha joto, ambacho wenzetu wa nchi za baridi hawana budi kuwa nacho, hapa hukihitaji. Pesa hiyo nunulia feni.

FundiVioo_Majengo

Shukran kaka. Kwa upande wa kioo niongeze mawili. Tangi likishagandishwa liache wiki nzima silikoni ikauke, wateja huwa na haraka sana hapo. Kisha lijazwe maji ya mfereji nje ya nyumba lilale siku mbili. Kama litavuja, livujie uani. Chini yake tandika sponji nyembamba, maana meza ikiwa na punje moja tu ya mchanga kioo cha chini chaweza kupasuka. Na kwa urefu wa 120 dai vioo vya kufungia juu, vile vyembamba vinavyoshika mbele na nyuma. Bila hivyo kioo cha mbele hupinda kwa nguvu ya maji, na ukikitazama kwa ubavu utaona.

Baharia_Kisauni

Ahsante fundi. Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo.

Maji ya bahari yetu ukiyapata masafi ni neema kubwa. Yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, pH ya 8.1 hadi 8.3, kalisi miligramu 400 na ushei kwa lita, magnesi karibu 1,300, pamoja na madini mengine madogo madogo ambayo wanaoishi mbali na bahari huyanunua katika ndoo za chumvi ya kutengenezwa kwa bei ya juu. Sisi tunayo. Kazi ni kujua uyachote wapi na lini.

Kisiwa chetu kimezungukwa na hori. Huku Tudor, kule Kilindini hadi Port Reitz. Maji ya mito na ya mvua huishia humo, pamoja na maji taka na mafuta ya vyombo. Ukichota Makupa, au ferini Likoni, au chini ya daraja la Nyali, umechota kila kilichopita hapo. Hata Mama Ngina, ingawa maji yake ni ya buluu na mawimbi yanapiga mwamba, ndipo unapopita mkondo wa meli zote zinazoingia bandarini. Mimi huko sichoti.

Ufuo wa Nyali na Bamburi nao una lake. Maji yakipwa, tazama mchangani utaona vijito vyembamba vikiteremka kuelekea baharini. Hayo ni maji ya ardhini, chumvi yake ndogo, na ardhi ile imejaa mashimo ya vyoo. Yanabeba nitrati. Mwenye kuchota kando ya ufuo maji yakiwa yamepwa hujipelekea mwani nyumbani kwake.

Kwa hivyo nachota nje, karibu na mwamba, kwa mashua, mbali na midomo ya hori, maji yakiwa yamejaa na mvua isiwe imenyesha karibuni. Msimu wa masika sichoti kabisa. Akiba naiweka mapema kwenye mapipa ya plastiki yaliyokuwa ya chakula. Mapipa ya dawa au sabuni usiyaguse hata ukiyaosha mara ngapi.

Nikifika nyumbani maji hayaingii tangini. Nayachuja kwa kitambaa kizito, nayaweka kwenye pipa lililofunikwa lisipate mwanga, natia pampu ya hewa, yakae wiki mbili. Viumbe wadogo waliomo hufa na kutua chini, na vimelea vingi vya samaki, visipopata samaki wa kumshika, hupungua sana. Kisha navuta kwa mpira maji ya juu, ya chini yenye tope namwaga. Napima chumvi. Refraktomita isome 1.025 au 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu). Ikisoma 1.022 najua nimechota maji yaliyochanganyika na ya mvua, na hayo sitii.

Mvuvi_Mtwapa

Mwanangu Baharia umesema vyema. Mimi niongeze la mwezi, kwa sababu naona vijana siku hizi hawautazami.

Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yapita mita tatu. Hapa Mombasa bamvua hujaa alasiri, mnamo saa kumi, na hivyo hivyo alfajiri. Maji yakianza kujaa huja na takataka zote zilizolala ufuoni, kwa hivyo usichote hapo. Ngoja yakaribie kusimama, yale ya nje yawe yameingia. Alfajiri ndiyo nzuri zaidi, upepo haujaamka. Maji mafu, ya siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, hayafai sana kwa kazi hii kwa kuwa hayajisafishi, yanazunguka pale pale ndani ya mwamba.

Na kaskazi maji huwa mang'avu kuliko kusi. Kusi ikivuma mchanga wote umo majini, hata mashua utaionea huruma. Jaza mapipa yako kati ya Januari na Machi.

Kijana_Likoni

Wazee shikamoo. Samahani kwa swali. Chumvi ya Gongoni si inatoka bahari hii hii? Kwa nini nisinunue gunia, nichanganye gramu 35 kwa lita ya maji ya mfereji, nipumzike na mambo ya mashua?

Baharia_Kisauni

Marahaba mdogo wangu, swali lako ni la maana. Pale kwenye mashamba ya chumvi maji hukaushwa kwa jua katika madimbwi, hatua kwa hatua. Kalisi hutangulia kuganda na kubaki madimbwi ya mwanzo. Kisha hufuata chumvi ya kula, ndiyo inayokusanywa. Magnesi na mengine hubaki kwenye maji machungu ya mwisho. Kwa hivyo kinachoingia guniani ni chumvi ya kula karibu tupu, na ya mezani huongezwa madini joto. Samaki atakaa siku kadhaa akionekana mzima. Konokono, kaa na kila chenye gamba watakufa, na pH haitasimama kwa sababu hakuna cha kuishikilia.

Kama mashua huiwezi, nunua chumvi maalumu ya matangi ya bahari uchanganye na maji yaliyochujwa. Ni ghali, lakini kwa tangi la lita 200 unaloliangalia vizuri inawezekana.

Na hapo naingia kwenye jambo linalowachanganya wengi. Maji yakikauka kwa hewa, chumvi haiondoki. Tangi lenye lita 200 likipoteza lita 10, chumvi ya 35 inakuwa karibu 37. Kwa hivyo pengo hilo hujazwa kwa maji matamu, kamwe si ya bahari. Mwenye kujaza ya bahari kila siku anatengeneza shamba la chumvi mezani kwake.

Maji matamu gani? Ya kisima hapana. Visima vingi vya Kisauni, Bamburi na Nyali vina chumvichumvi, ugumu, na nitrati ile ile niliyoitaja. Ya mfereji yana klorini, na ugumu wake hubadilika kulingana na chanzo cha siku hiyo. Nenda maduka ya kujazia maji ya kunywa yenye mashine za RO (zinazochuja maji kwa utando na kuondoa karibu madini yote), na muulize mwenye duka akupe maji kabla hajayarudishia madini. Beba mita ya TDS, ya kupimia madini yaliyoyeyuka majini, ni kifaa cha kuingia mfukoni. Ikisoma chini ya 10 chukua. Ikisoma 80, mshukuru uende duka jingine.

Nyali_Ghorofani

Kaka Baharia, mimi shida yangu ni joto. Februari na Machi tangi langu linafika 31, na samaki wanakaa juu wakihema. Mashine ya kupoza maji nimeulizia bei nikarudi nyumbani kimya. Nifanyeje?

Baharia_Kisauni

Pole dada. Wanahema kwa sababu maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na wao kwa joto hilo hilo wanahitaji zaidi. Amonia nayo huwa na sumu zaidi joto na pH vikipanda, kwa hivyo kosa dogo la chakula ambalo Julai lingepita, Machi linaua.

Anza na hili: ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu mwepesi ili samaki wasiruke nje. Funga feni ndogo, hata zile za kompyuta, zipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Maji yakikauka huondoka na joto, nawe utapata nafuu ya nyuzi mbili au tatu. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi kwa hivyo usitarajie zaidi ya hapo, na mzunguko wa hewa chumbani uwe mzuri, la sivyo feni itazungusha mvuke ule ule. Utaongeza lita kadhaa za maji matamu kila siku, hilo lazima ulikubali.

Pili, tafuta joto linalotoka ndani ya tangi lenyewe. Pampu za zamani za kuzama majini hupasha maji bila mtu kujua. Taa ziwake usiku badala ya mchana. Samaki hawana saa ukutani, mradi wapate masaa kumi hivi ya mwanga na giza kamili baadaye. Tatu, geuza pampu moja ipasue uso wa maji, oksijeni iingie.

Barafu ya chupa iwe ya dharura tu. Kupandisha na kushusha joto mara tatu kwa siku humchosha samaki kuliko 29 iliyotulia. Bahari yenyewe nje huku hucheza kati ya 25 Agosti na 29 au zaidi Machi, kwa hivyo samaki wa huku wanaijua 28. Matumbawe ndiyo mepesi kufa. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipopanda, miamba ya pwani yetu ilipauka na matumbawe mengi yakafa, na hiyo ni bahari nzima, si tangi. Ndiyo sababu nakataza wanaoanza kufikiria matumbawe kabla hawajamaliza kaskazi nzima na tangi lao likiwa tulivu.

Kijana_Likoni

Basi mawe. Nimeona picha za matangi ya nje, wanatumia mawe yenye uhai ndani yake. Bamvua ikipwa kule Nyali mtu anaweza kutembea hadi mwambani. Si nijiokotee machache? Mwamba mkubwa ule.

Baharia_Kisauni

Usifanye hivyo mdogo wangu, nakuomba. Mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani ya hifadhi hakitoki kitu, hata gamba tupu la konokono. Nje ya hifadhi nako, matumbawe magumu yote ya dunia, farasi wa baharini na makombe makubwa yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na anayevua samaki wa mapambo anatakiwa awe na leseni. Lakini acha sheria kidogo. Jiwe unaloliokota ni nyumba ya vitu mia vidogo, na mwamba ule umeshavumilia joto, majarife na miguu ya watu. Kule Kuruwitu wenyeji walitenga kipande cha bahari yao wenyewe, wakaacha kuvua humo, na samaki wakarudi. Watu wanajinyima ili mwamba upone, sisi tusiupunguze kwa ajili ya sebule.

Na wala huna haja. Unakaa juu ya mwamba! Ardhi hii ya pwani ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, ndiyo mawe yaliyojenga Mji wa Kale, na Haller Park yenyewe ni machimbo ya zamani ya jiwe hilo. Nenda machimboni kaskazini, Kikambala au Vipingo, uombe vipande vilivyovunjika, vyenye matundu mengi na vyepesi mkononi. Ni kalisi tupu, sawa na mwamba ulio majini, na matundu yale ndiyo makao ya bakteria. Bei yake ni ndogo mno. Chagua jiwe lililotoka ardhini, si la nyumba iliyobomolewa, maana lenye saruji, chokaa au rangi litaharibu maji.

Yasugue kwa brashi ngumu, yaloweke kwenye pipa la maji matamu, badilisha maji hadi yatoke masafi, kisha yaanike. Ukiyapanga tangini yaegemee kioo cha chini moja kwa moja, mchanga umwagwe baadaye. Samaki na kaa hufukua, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litaangukia kioo. Acha mapango na njia za maji. Uhai utaupata kwa kipande kidogo cha jiwe kutoka tangi la mwenzako lenye afya, kinatosha kuambukiza mengine yote.

MamaWawili_Tudor

Mimi tangi tayari, maji tayari, mawe ya machimbo tayari. Watoto wananiuliza kila jioni samaki wako wapi. Mbona niendelee kungoja na maji ni mang'avu kabisa?

Baharia_Kisauni

Dada yangu, ungavu wa maji haukuambii kitu, kwa kuwa amonia haionekani. Hapa ndipo wengi wanapoteza samaki, tena wakiwa wamefanya mengine yote sawa.

Samaki anatoa amonia kwa mashavu na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Ni sumu. Aina moja ya bakteria huila na kuigeuza nitriti, nayo ina madhara. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Lazima wazaliane juu ya mawe, nao wanazaliana polepole, kwa wiki tatu hadi sita. Joto letu husaidia kidogo.

Tia kipande kimoja cha kamba mbichi kwenye mfuko wa wavu, kiache kioze. Pima kila baada ya siku mbili na uandike daftarini. Utaona amonia ikipanda, kisha nitriti ikipanda amonia ikishuka, kisha zote mbili zifike sifuri na nitrati ionekane. Toa kilichobaki cha kamba. Halafu jaribu: tia amonia kidogo tena, na kama baada ya siku moja amonia na nitriti zote ni sifuri, tangi liko tayari. Badilisha karibu nusu ya maji, na ndipo samaki wawili wadogo waingie. Wawili tu, na mwezi upite kabla ya wengine, kwa sababu bakteria huongezeka kulingana na chakula chao.

Katikati ya wiki hizo ukoko wa kahawia utafunika mchanga na mawe. Usiogope wala usitie dawa, hupita wenyewe. Wape watoto kazi ya kupima na kuchora mstari wa kila siku ukutani. Wangu walipenda kuutazama ukipanda na kushuka.

MamaWawili_Tudor

Nimekubali. Na wakishaingia, niwape samaki gani? Wanamtaka yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe mitatu.

Baharia_Kisauni

Huyo mwenye mistari mitatu si wa bahari yetu, ni wa Asia ya Kusini Mashariki na Australia. Wengi wanaouzwa duniani siku hizi huzalishwa matangini, na akiwa hivyo ni mgumu na mwenye tabia njema. Sisi tuna jamaa zake wawili: Amphiprion allardi, mweusi wa hudhurungi mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe, na Amphiprion akallopisos, wa waridi mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Wote wazuri. Hawahitaji anemoni tangini, yaani yule mnyama laini kama ua ambamo hujificha baharini. Anemoni anataka taa kali na maji yaliyokomaa, na akifa anachafua tangi zima kwa usiku mmoja. Chukua wawili wadogo. Huzaliwa wote madume, na mkubwa wao hugeuka jike.

Wengine wa kuanzia: chromis wa kijani kwa kikundi, na wale samaki wadogo wa chini wanaokaa vijishimoni. Konokono wala mwani na kaa wadogo wa kusafisha.

Wa kuepuka ni wengi kuliko wa kuchukua. Kangaja wa buluu ni mzuri ajabu, lakini anataka tangi la karibu mita mbili na huugua madoa meupe kwa jambo dogo. Samaki-vipepeo wengi hula matumbawe hai, tangini wanakufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Kikande atatafuna kaa na konokono wako wote. Chewa mdogo anapendeza, kisha anakua na kumeza wenzake. Bunju na mkunga vivyo hivyo. Yule samaki mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake mwambani, mwacheni huko. Samaki wengine wanapanga foleni kwake watolewe vimelea, na tangini hapati cha kumshibisha.

Na watoto wafundishwe kutookota konokono wa umbo la pia wenye michoro. Wengine wao wana mwiba wa sumu unaoweza kuua mtu.

Nyali_Ghorofani

Muuzaji aliniambia samaki wake "wameshazoea", nitie moja kwa moja. Ni sawa?

Baharia_Kisauni

Hata kidogo. Weka tangi la pembeni la lita 60, halina mawe wala mchanga, vipande vya bomba la plastiki vya kujificha tu na chujio la sponji. Samaki mpya akae humo wiki nne hadi sita. Madoa meupe kama punje za chumvi ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kikimaliza kula huanguka mchangani, kwa hivyo samaki huonekana amepona, mwenye tangi anashukuru Mungu, na baada ya siku chache kinarudi kwa wingi. Dawa yake ya kawaida ni ya shaba, na hiyo itumike kwenye tangi la pembeni peke yake. Shaba huua konokono na kamba, na hunywewa na mawe isitoke tena. Kimelea kikishaingia tangi kubwa, toa samaki wote, uliache bila samaki wiki kumi au kumi na moja.

Kijana_Likoni

Na stima ikipotea?

Baharia_Kisauni

Nunua mapema pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Agosti 2023 giza lilipoingia karibu nchi nzima usiku kucha, hizo ndizo zilizookoa samaki. Ukiwa na inverta, pampu ya kusukuma maji ndiyo ya kwanza. Taa na skima vingoje. Usilishe samaki hadi stima irudi. Waya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi, na weka swichi inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mikono yetu imo ndani yake kila wiki.

Kazi ya wiki kwa tangi la lita 200: mitungi miwili ya lita 20 itoke kwa mpira ukinyonya uchafu mchangani, miwili ya maji ya akiba iingie, yenye chumvi na joto sawa na la tangi. Futa kioo, osha kikombe cha skima, pima nitrati. Ikipita 20, punguza chakula kabla hujafikiria dawa yoyote.

Bint_Kibokoni

Samahani, mimi nina swali la upande mwingine. Tunahamia Nairobi na tangi haliwezi kwenda. Jirani ananiambia niwarudishe samaki baharini pale Ngomeni. Wengine wa huku, wengine niliuziwa wa nje. Ni salama?

Baharia_Kisauni

Tafadhali usiwatie baharini dada, hata wale wa huku. Samaki aliyekaa na wageni hubeba magonjwa ambayo wenzake wa mwambani hawajawahi kukutana nayo. Na wa nje ni hatari zaidi. Simba-samaki mwenye mapezi marefu ya sumu ni wa bahari yetu hii ya Hindi na Pasifiki, ambako mwamba unamjua. Mwaka 1985 mmoja alionekana Florida, na inaaminika walitoka matangini mwa watu. Leo wamejaa Karibiani yote wakimaliza samaki wachanga, na wavuvi wa kule wanawawinda bila kuwamaliza.

Andika hapa chini ujazo wa tangi, samaki uliobaki nao na siku unayohama. Mimi nina tangi la pembeni tupu, naweza kuchukua wawili watatu. Wengine watapata kwao humu humu. Mawe yako usiyakaushe, yaweke kwenye ndoo ya maji ya tangi na pampu ya hewa. MamaWawili yuko Tudor hapo karibu nawe na anangoja bakteria.

MamaWawili_Tudor

Nayachukua leo jioni, na ndoo nakuja nazo mwenyewe.